Mke Niliyeozwa na Wasikilizaji

Wiki iliyopita mliniacha sebuleni kwa mama wa mchumba wangu, kikombe cha chai mkononi, mkasi umeanguka sakafuni, na mama mwenyewe kaduwaa kama aliyeguswa na umeme.

Kwa ambao hawakuwepo: mimi ni mtangazaji wa kipindi cha asubuhi redioni. Wasikilizaji wananiita Besi kwa sababu ya sauti. Ukinisikia utadhani ni jitu la miraba minne. Ukiniona utaniuliza Besi mwenyewe yuko wapi. Mtangazaji mwenzangu ni mwanamke, naye wamempa jina la Kengele. Kila asubuhi tunakaa mle studio tukitaniana, tukisoma salamu, tukigombania biskuti. Kipindi kikiisha, kila mtu anashika njia yake.

Mchumba wangu ni mpima macho. Alipokuwa ananipeleka kwao aliniomba nisitaje kazi yangu kwanza, maana alitaka mama yake anipende mimi, si redio. Nikakubali. Nikaingia, nikafungua mdomo kutoa shikamoo, na mama, ambaye ni fundi cherehani na hushona redio ikiwa imewashwa tangu alfajiri, akaangusha mkasi.

"Besi," alisema.

Nikatabasamu. Nilidhani ujiko wangu umenitangulia.

"Wewe una mke," akasema.

Haya, tuendelee kutoka hapo.

"Mama, sina mke," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekuja kuoa."

"Na Kengele?"

"Kengele ni mfanyakazi mwenzangu."

Akaokota mkasi, akaketi kwenye cherehani yake, akanitazama kwa juu ya miwani. Nyuma yake, kwenye mlango wa kabati, lilitundikwa gauni jeupe ambalo halijatiwa mikono. La binti yake. La harusi yetu.

"Mwezi uliopita mliugua mafua siku moja," akasema.

"Tunakaa chumba kimoja, mama. Hakina hata dirisha."

"Si ndivyo ninavyosema? Chumba kimoja."

"Chumba cha kazi."

"Ulimwambia hewani asisahau mwavuli. Ulijuaje kwamba katoka nyumbani na mwavuli?"

"Ulikuwa umeegemezwa ukutani, unanichuruzikia maji miguuni."

"Alipokwenda likizo ukapiga nyimbo za majonzi tangu mwanzo wa kipindi mpaka mwisho."

"Nyimbo anachagua fundi mitambo, mama. Siku ile alikuwa ameachwa na mpenzi wake."

"Likizo yenyewe ilikuwa ndefu." Akashusha sauti, kama anayechelea kuamsha mtu. "Alijifungua salama?"

Chai ikanipalia. Mchumba wangu, pembeni yangu, akaangua kicheko hadi akajifunika uso kwa mto wa kiti. Mama hakucheka. Alikuwa anangoja kuambiwa kama mtoto ni mzima.

Ndipo nikajifunza jambo ambalo mimi mwenyewe, mhusika mkuu, nilikuwa silijui. Lipo kundi la simuni la wasikilizaji ambao shughuli yao ni kututegea sikio kila asubuhi, kisha kuchambua nani kakohoa lini na kwa nini. Wanajiita Kamati. Walikwisha kutuoza zamani. Walikwisha kutupa na mtoto, wa kike, mwenye pua yangu, analelewa kwa bibi yake. Pua yangu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Na mwenyekiti wa Kamati ndiye huyu, mama mkwe wangu.

"Basi nitakana hewani," nikasema.

"Kama hakuna kitu, utakana nini?"

"Na nisipokana?"

"Basi umekubali."

Akainuka. Akalitungua lile gauni, akalilaza mapajani, akachukua wembe na kuanza kufumua mshono wa kiunoni. Nyuzi zilikuwa zikikatika moja moja, tk, tk.

"Siwezi kumtoa binti yangu akawe mke wa pili wa kificho," akasema bila kuinua macho, "huku yule wa kwanza ananisalimia kila asubuhi kwa sauti nzuri vile. Nitamtazama vipi?"

"Mama, humtazami. Unamsikia."

"Kumsikia ndiko kumtazama kwangu."

Mchumba wangu alicheka mpaka tukafika getini. Pale getini kicheko kikamwisha.

"Hivi kwa nini hujawahi kukana?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Bosi wetu anaupenda uvumi ule kuliko anavyotupenda sisi wenyewe. Umetuletea tangazo la sabuni ya unga, ambalo mimi na Kengele tunaigiza mume na mke wanaogombana nani afue.

"Na Kengele mwenyewe anasemaje?"

"Aliniomba nisikane. Alisema nimpe muda."

"Muda wa nini?"

"Sikumuuliza."

Akanitazama anavyomtazama mgonjwa anayedai anaona herufi zote na bado hajaingia mlangoni.

"Kamuulize," akasema.

Nikaenda kumuuliza. Kesho yake, wakati taarifa ya habari inasomwa kutoka chumba cha pili na sisi tuko huru, nikamsimulia Kengele kisa kizima: mafua, mwavuli, mtoto. Alicheka kwa lile la pua hadi akavua hedifoni.

"Pole, kaka yangu," akasema. "Twende wote basi, nikamwambie mwenyewe. Hata leo. Wanakaa wapi?"

"Nyuma ya bohari la mbao. Mama ni fundi cherehani, mlango wao wa buluu."

Kicheko kikakatika.

"Fundi cherehani," akasema. "Ana mtoto wa kiume?"

"Nasikia yupo. Sijamwona, yuko safarini, kaenda kufunga majokofu ya bucha."

Alikuwa anaweka kikombe chini. Meza ilikuwa kushoto. Yeye akakiweka kulia, juu ya mtambo. Chai yote ikateremkia katikati ya vitufe. Redio nzima ikazimika, msomaji habari akikatwa katikati ya sentensi, na fundi mitambo akaja mbio na taulo huku akitaja jina la mama yake mzazi.

Baadaye nilisikia Kamati ilivyoufasiri ule ukimya. Eti tuligombana, na Kengele akanirushia kitu.

"Nyumba ile siwezi kuingia," aliniambia tukiwa tunafuta chai.

"Kwa nini?"

"Usiniulize. Na usikane bado. Nakuomba kama kaka."

Nami nikadhani anawaogopa mashabiki. Kama mngeniona wakati ule, mngenihurumia.

Jumamosi mchumba wangu akanipigia. Kaka yake amerudi safari. Baba yao hayupo tena duniani, kwa hiyo yeye ndiye mwanamume wa nyumba, na amesema anataka kumwona huyu mtu mwenye wake wawili kabla hajamfukuza rasmi.

Nikavaa suti. Nikaketi kwenye kiti kile kile. Gauni sasa lilikuwa vipande vitatu juu ya meza.

Mlango ukafunguliwa, akaingia kijana mrefu mwenye sanduku la vyuma, na mimi nikasimama nusu na kukwama hapo hapo.

Nilikuwa namjua. Ndiye fundi wa kiyoyozi cha studio yetu. Kiyoyozi kile kilikuwa kinaharibika kila wiki. Kinatengenezwa vizuri kabisa, na wiki ijayo kimeharibika tena, na fundi anaitwa tena. Bosi alikuwa amekata tamaa. Mimi nilikuwa namsifu fundi kwa uvumilivu.

Akanipa mkono. Aliubana kama anayekaza nati.

"Karibu, shemeji," akasema, macho yakisema mengine kabisa. "Kabla hatujaanza maneno, njoo unishikie friji jikoni. Ina kasoro."

"Friji ina kasoro gani?" mama akauliza.

"Ndiyo ninayokwenda kuitazama, mama."

Jikoni akafungua mlango wa friji, akaingiza kichwa.

"Ingiza na wewe."

"Niingize nini?"

"Kichwa. Mama ana masikio."

Nikaingiza. Tukawa tumetazamana kati ya jagi la maji na bakuli la nyanya.

"Kengele ni mke wangu," akasema.

Nikataka kuinua kichwa, nikajigonga kwenye rafu.

"Mke kabisa?"

"Wa ndoa. Tangu mvua zilizopita. Tulifungia kwa msajili, mashahidi tuliwaomba pale pale kwenye foleni. Mmoja alikuwa amekuja kubadilisha jina."

"Na mama yako hajui?"

"Mama nilianza naye mapema, kistaarabu. Nikamwambia, mama, nimempenda Kengele wa redioni, nataka nimlete. Unajua alinijibu nini? Yule ni mke wa Besi. Akasema hakulea mwana wa kuja kuvunja nyumba za watu. Akaacha kula meza moja na mimi."

"Lakini mimi si mumewe."

"Mwambie mama."

Nilikwisha kumwambia.

"Nikafikiri nitangoja uvumi ufe wenyewe," akaendelea. "Haufi. Kila nikirudi nyumbani nakuta umezaa. Juzi nimeambiwa mkeo ana mimba ya pili."

"Sasa kwa nini yeye ananizuia nisikane?"

"Kwa sababu ukikana, Kamati itaanza kumtafuta mume wa kweli. Na hao wakitafuta wanapata. Mama atalisikia kwenye kundi kabla hajalisikia kwangu, na hapo sitakuwa na mama tena. Nipe muda, shemeji."

"Muda nimekwisha kuwagawia wote. Mimi nimebaki bila."

Akanishika bega. "Nampenda mama yangu," akasema. "Nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Usinitangulie."

Nikaapa. Ningefanyaje? Mtu ananiita shemeji na dada yake ndiye ninayemtaka.

Hapo ndipo nilipoona hali ilivyokuwa. Mama yule alimkataa mkwe wake halali kwa sababu alikuwa amemwoza kwangu. Kwa kuamini kuna mapenzi ya siri mahali ambapo hayapo, akayazalisha nyumbani kwake mwenyewe. Sauti ya karatasi ikigeuzwa studio alikuwa anaisikia. Mwanawe, akipita na sanduku lake huku anapiga mluzi wa tangazo la sabuni, hajawahi kumsikia.

Tukarudi sebuleni.

"Friji ina nini?" mama akauliza.

"Gesi," tukasema kwa pamoja, mimi na shemeji.

Mchumba wangu akatutazama kwa zamu.

"Gesi gani inayonong'onezwa?"

Nikanywa chai ambayo haikuwemo kikombeni.

Alinisindikiza mpaka getini, na safari hii hakucheka hata kidogo.

"Mlikuwa mnaongea nini na kaka?"

"Mambo ya gesi."

"Nimekuuliza vizuri."

"Nami nimekujibu vizuri."

Angelia ningepata la kufanya, ningetoa leso. Hakulia.

"Sikia," akasema. "Mimi siamini habari za Kamati. Lakini tangu tulipotoka hapa mara ya kwanza kuna kitu umekipata na unanificha, nakiona. Jumatatu ukane hewani, kwa sauti hiyo hiyo wanayoijua. Ukikana, mama atakasirika, na sisi tutaoana naye akiwa amekasirika. Usipokana, basi mama alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa sioni."

"Mpenzi, lipo jambo siwezi kulisema."

"Ndivyo wanavyosema wanaume wenye wake," akajibu, akafunga geti.

Jumatatu niliingia studio bila biskuti. Kengele aliuona uso wangu, akajua kila kitu.

"Amekwambia," akasema.

"Ameniambia. Kichwa kikiwa kwenye friji."

"Unasemaje?"

"Nisipokana leo, sioi."

Akatazama kipaza sauti chake kwa muda. Macho yalikuwa mekundu. "Basi kana," akasema. "Ulichonisitiri kinatosha. Tutapata njia nyingine."

"Na mumeo? Na Kamati?"

"Kana, kaka. Usiniulize mara mbili, nitabadili mawazo."

Taa nyekundu ikawaka. Tukasalimu, tukataja hali ya hewa, tukasoma salamu za watu kwa watu. Kengele alikosea kusoma jina la mtaa aliozaliwa. Kisha nikavuta pumzi.

"Wasikilizaji wapenzi," nikasema, "leo nina jambo langu binafsi ambalo nataka mlisikie kutoka..."

Fundi mitambo akagonga kioo. Ana simu. Alikuwa anainyooshea kidole kana kwamba simu ile inawaka moto, na kabla sijamkatalia akaiunganisha hewani.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamke. Nyuma yake ilisikika redio, ikitusikilizisha sisi wenyewe kwa kuchelewa kidogo. "Naomba mzime kwanza hilo jambo la Besi. Mimi ni fundi cherehani. Nawasikiliza kila siku lakini sijawahi kupiga. Leo nimepiga."

Mama mkwe.

Kengele alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Karibu, mama," akasema, na sauti ile iliyopewa jina la kengele ikatoka imepasuka.

"Sitaki kuongea na huyo mwanamume. Nataka wewe. Binti yangu mwenyewe yuko hapa, amekataa kwenda kazini, kakaa mbele yangu kama polisi. Huyo Besi anataka kumwoa. Mimi nasema ana mke, na mke ni wewe. Sasa nakuuliza mwanamke kwa mwanamke, mbele ya watu wote ili usiogope kutishwa. Ni mumeo?"

"Hapana, mama."

"Hajakufundisha kusema hivyo?"

"Hapana, mama. Ni kaka yangu wa kazini. Hajawahi hata kunipa lifti."

Hilo ni kweli. Sina gari.

Mama akashusha pumzi, nasi sote tukaisikia. Kumbe alikuwa ameibana tangu aliposhika simu. "Basi mimi ni mzee mbaya," akasema taratibu. "Nimefumua gauni la mtoto wangu bure. Lakini mwanangu, ninakusikia miaka yote. Tangu mvua zilizopita unaongea kama mwanamke mwenye mtu wake. Siwezi kukosea lote. Huna mume kabisa?"

Kengele angeweza kusema hana. Neno moja tu, na asubuhi ile ingekwisha salama. Akanitazama, akatazama taa nyekundu, machozi yakaanza kumtoka.

"Ninaye, mama," akasema.

Kule nje ya kioo fundi mitambo akakaa chini.

"Anakutunza?"

"Ananitunza. Kila kinachoharibika anakitengeneza."

"Sasa mbona mnamficha mtu mwema hivyo?"

"Mama yake hanitaki."

"Hakutaki wewe?" Sauti ya mama ikapanda. "Wewe unayetuamsha watu wote kwa furaha? Mama gani huyo? Ana macho? Ana masikio? Mwanamke mjinga kabisa huyo, nipe namba yake nimpigie sasa hivi nimwambie."

Kengele akajifunika mdomo. Nikajua lazima niingilie, nipige wimbo, nipige tangazo, nipige chochote. Mkono haukuinuka.

"Na huyo mumeo naye," mama akaendelea, amepamba moto, "mwambie mimi nimesema hivi. Aache woga. Asimame leo hii, aende mbele ya mama yake, amwambie, mama, huyu ndiye mke wangu. Mama akinuna atanuna, mwisho atachoka. Amenisikia?"

Kwenye simu, nyuma ya mama, kitu kizito cha chuma kikaanguka sakafuni.

"Nimekusikia," ikasema sauti ya mwanamume.

"Nyamaza wewe, naongea na redio."

"Mama. Nimekusikia. Ni mimi."

Cherehani ilikuwa ikinguruma polepole wakati wote ule, maana yule mama hawezi kuongea miguu ikiwa imetulia. Ikasimama. Redio ya nyumbani kwake ikayarudia maneno ya mwanawe, kwa kuchelewa kidogo, ili yeyote aliyekuwa na shaka asibaki nayo: ni mimi.

Mimi mtangazaji, ambaye nalipwa ili pasiwe na ukimya, nilikaa nikauacha ujae studio.

Kisha mama akaita, kwa sauti ya chini kabisa, na hakumwita mwanawe wala mkwewe.

"Besi."

"Naam, mama."

"Siku ile mlinong'onezana kwenye friji yangu. Ulijua?"

Nikafungua mdomo. Kabla halijatoka neno nikasikia simu ikinyang'anywa kule, na sauti ninayoijua kuliko zote ikaja karibu kabisa na sikio langu.

"Mjibu mama," akasema mchumba wangu. "Na mimi nasikiliza."